Taarifa ya Feni Mpya, Pamoja na Barua Tatu za Baba

Sanduku la Posta, Garsen,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Kwa Kaka Silas Komora,
Nakuru.

Kaka yangu mpendwa, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu,

Kwa heshima inayokustahili nakuletea salamu, wewe pamoja na shemeji Ilham na mtoto wenu, ambaye nasikitika kukiri kwamba jina lake sijawahi kuambiwa. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inawakuta wazima, na kwamba baridi ya Nakuru, ambayo husifiwa zaidi na watu wasiolala humo, haijawaingia vifuani. Sisi huku tu wazima kwa kiasi ambacho mtu wa Garsen aweza kuwa mzima katika mwezi wa tatu, wakati mabati yanalia juani na mvua haijakata shauri. Teresia mke wangu anakusalimu sana. Binti yetu Hope naye anakusalimu. Yuko gredi ya pili, na husoma kwa sauti kila kibao tunachopita barabarani, hata kile cha kukataza kukojoa.

Kuhusu hali ya Baba nitaeleza kwa ukamilifu mahali panapostahili. Kwa sasa itoshe kusema kwamba yu hai, kwamba kifua chake kimedhoofika tangu mafuriko, na kwamba kila asubuhi, kabla ya uji, huuliza kama umejibu. Nakuomba usiruke kurasa kutafuta zaidi ya hayo. Barua hii nimeipanga kwa utaratibu, na ujasiri wa kuandika mwisho wake nimeukusanya kwa siku sita.

Naanza na kompyuta, kwa kuwa wewe ni fundi wa vyombo hivyo, na kwa kuwa ilitoka mikononi mwako. Ni ile ile uliyonitumia mwaka uliotangulia ndoa yako, ikiwa imefungwa kwa blanketi ndani ya boksi la televisheni. Imenilisha tangu siku hiyo. Kwayo nimeandika maombi ya vitambulisho vilivyopotea, malalamiko ya mipaka ya mashamba, barua za karo, na tangu maji yalipotutembelea, maombi ya fidia ya mafuriko yasiyopungua mia tatu. Sikusomea kazi hii kwa mtu yeyote. Nilijifunza kwa kunakili barua za maofisi na kutafuta kila neno nisilolijua, na leo watu wa sokoni huniita Katiba. Wengine husema hivyo kwa heshima na wengine kwa mzaha, nami huitikia wote sawa.

Kibanda changu cha kazi kilichukuliwa na maji. Kwa hiyo meza, kompyuta na printa vimo sasa katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, na wateja huketi kwenye benchi mlangoni. Baba analala chumba cha pili. Kati ya chumba na chumba pana ukuta wa mbao nyembamba ambao haufiki darini. Hapo ndipo tatizo la feni lilipozaliwa.

Feni ndogo iliyokuja na mashine, ile inayokaa juu ya prosesa, ilianza kunguruma mwaka jana, na kufikia Januari ilikuwa inalia kama posho mill ya kusaga unga iliyo ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nimeizoea. Baba hakuizoea. Saa sita mchana, joto likipanda na feni ikiongeza kasi, alikuwa anaketi kitandani ghafla na kuuliza maji yamefika wapi. Teresia alikuwa anaingia na kumweleza kwamba hakuna maji, ni mashine ya Caleb tu. Baba alimjibu kwamba anaujua mlio wa mto unapoingia shambani, naye hawezi kufundishwa na mtu aliyezaliwa Malindi. Kisha alikuwa analala tena, lakini miguu yake akiiweka juu ya godoro, mbali na sakafu.

Pamoja na kelele, mashine ilianza kujizima. Nilikuwa ukurasa wa nne wa ombi la Mzee Gunga wa Chara, kuhusu ekari mbili za mpunga, wakati skrini ilipogeuka nyeusi na kila kitu kikapotea. Mzee Gunga alichukua fimbo yake, akaniambia, “Basi, Katiba, mpunga wangu umezama mara ya pili, na safari hii umezama kwako.” Aliniahidi kurudi nitakapokuwa na mashine isiyo na mafuriko.

Nilikwenda kwa Adnan. Humfahamu, ni kijana wa Kipini, mwana wa Famau wa boti, mwenye duka la simu na vipuri vya kompyuta karibu na kituo cha mafuta. Nilimweleza hitaji langu kwa maandishi, kama ilivyo desturi yangu: feni isiyo na kelele, isiyo ghali, inayoweza kuistahimili Garsen. Aliisoma karatasi, akaniuliza kama nataka feni ya kupelekea roketi mwezini au ya kuandikia barua za watu. Alikuwa na moja ya kupoza kwa maji, ambayo niliikataa bila kuuliza bei, kwa sababu nyumba yetu imeyaona maji ya kutosha. Alikuwa na nyingine yenye taa za rangi kama harusi. Ya tatu ilikuwa ya kawaida, isiyo na taa wala jina linalojulikana: mnara wa mapezi membamba ya alumini, mabomba manne ya shaba yanayopanda kutoka chini, na feni moja pana kama sahani ya chai ubavuni. Bei yake shilingi elfu mbili na mia nane. Niliichukua hiyo.

Sasa nakupa taarifa ya uchunguzi wangu, nawe utanisahihisha kama fundi.

Kuifunga ni kazi. Maelekezo yake ni michoro midogo isiyo na neno hata moja, jambo ambalo mimi kwa hali yangu siwezi kulisifu. Vibano vya pembeni ni vigumu, na kimoja kilinikata kidole cha shahada. Mnara ni mrefu. Nilipima kwa rula ya Hope kabla ya kufunga, na kifuniko cha kasha kiliingia kwa nafasi isiyozidi unene wa shilingi. Mwenye kasha dogo kuliko letu asithubutu kuinunua bila kupima.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, joto la prosesa lilipanda hadi nyuzi tisini na saba, na kabla chai haijapoa mashine ilikuwa imejizima. Nilighadhibika. Nilichukua kalamu, nikaandika malalamiko ya ukurasa mmoja na nusu kwa Adnan, yenye hoja tano, nikitaja uaminifu wa kibiashara na haki za mnunuzi, nikayapeleka kwa mkono wangu. Adnan aliyasoma yote akiwa amesimama. Alichukua bisibisi, akafunga duka, akanifuata nyumbani. Aliung'oa mnara, akaugeuza, akanionyesha karatasi ya nailoni iliyobandikwa chini yake, juu ya shaba, yenye maandishi madogo mekundu yanayoagiza iondolewe kabla ya kufunga. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chao cha Kipini, mlangoni mwa mto, “Bwana Katiba, wewe wamuogesha mtu na kanzu yake, kisha waandika barua kwamba sabuni haitoi povu.”

Teresia alicheka hadi akauweka mwiko chini. Na nyuma ya ukuta wa mbao tulimsikia Baba naye akicheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Nilimwomba Adnan radhi, na malalamiko yangu nikayachana mbele yake, ingawa alisema angependa kubaki nayo kwa ajili ya lugha.

Baada ya nailoni kuondolewa na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto kupakwa upya, kiasi cha punje ya dengu, matokeo yalikuwa tofauti kabisa. Kwa siku tisa niliandika joto mara tatu kwa siku. Saa mbili asubuhi, mashine ikiwa imetulia, nyuzi arubaini na moja. Saa saba mchana, chumba chenyewe kikiwa nyuzi thelathini na sita, nikichapa na kutoa nakala, nyuzi sitini na mbili. Feni ya zamani saa hiyo ilikuwa inafika tisini na kitu. Mashine haijajizima hata mara moja. Kwa sababu ya vumbi la barabara na tope kavu lililobaki kila mahali, nilifunika tundu la mbele la kasha kwa kipande cha chandarua, kile cha msaada tulichopewa kambini wakati wa mafuriko. Kinaongeza nyuzi tatu lakini kinazuia uchafu, na kwa maoni yangu ni biashara nzuri.

Kipimo cha kelele sikuwa nacho, wala sikutaka kuandika neno tulivu bila ushahidi, kwa maana katika kazi yangu neno lisilo na ushahidi hurudishwa. Nilitumia saa ya ukutani. Wakati wa feni ya zamani, mlio wa saa ile haukusikika hata ukisimama chini yake. Kwa feni mpya, nikiwa kitini pangu, mchana, mashine ikifanya kazi, nausikia kila mshale unavyosogea. Namsikia kuku wa jirani akikwaruza. Mama Iha, aliyekuja kwa ajili ya barua ya bima ya mumewe, alikaa dakika kumi kisha akasimama, akaniambia stima imekatika, atarudi ikirudi. Nilimwonyesha skrini. Alisema mashine ya kuandikia serikali haiwezi kuwa kimya hivyo, na kwamba zamani alikuwa anajua barua yake inaandikwa kwa sababu alikuwa anaisikia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kwa mtu mwenye kipato cha kawaida na joto lisilo la kawaida, feni hii inafaa. Kama una wateja huko Nakuru wanaotaka kitu cha bei nafuu kisichopiga kelele, waweza kuwauzia kwa dhamiri safi, ukiwakumbusha nailoni.

Kaka, taarifa ya feni inaishia hapo. Ningependa iwe ndefu zaidi.

Kimya kile kilibadilisha nyumba yetu kwa namna ambayo sikuitarajia. Kwanza nilianza kusikia Baba anavyopumua. Nilikuwa najua kwamba ni mgonjwa, nilikuwa nimempeleka hospitalini mara mbili, na daktari alikuwa ameniambia Januari, kwa sauti ya chini kando ya mlango, kwamba kifua na moyo vimechoka pamoja na tusiwe watu wa kuhesabu miezi. Lakini kujua ni jambo moja. Sasa naandika barua za watu huku nikisikia kila pumzi ikipanda, ikikwama, ikiteremka. Pili, Baba naye alianza kunisikia mimi.

Sina haja ya kukukumbusha siku ile ya Kulesa, nyumbani kwa Baba, miaka tisa iliyopita, ila mpangilio wa barua unanitaka niitaje. Ulimleta Ilham nyumbani kumtambulisha. Alisimama uani, mkeka wa zawadi ukiwa umekunjwa chini ya kwapa, na Baba hakuinua macho. Aliendelea kunoa jembe lake kwa sababu msichana alikuwa wa Kipini na wa dini nyingine. Hakumpa kiti. Hakuagiza apewe maji. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mtungi, kata ikiwa mkononi, nami nikangoja amri ambayo haikuja. Ulipoondoka ulisema kwamba kwa mdomo tumeshamaliza. Ulisema neno la Baba likikufuata, likufuate kwa maandishi, na chini yake pawe na dole gumba lake, ili asije mtu akakuambia kwamba hakulisema. Ukabadilisha laini ya simu, ukaacha anwani tu.

Mwezi wa nane mwaka jana ulipokea barua yenye dole gumba hilo. Mwezi wa kumi ulipokea ya pili, na Januari ya tatu. Nazikumbuka, kwa maana nakala zake zimo ndani ya mashine. Ya kwanza ilisema: “Mzee amenielekeza nikujulishe kwamba mambo yaliyopita ameyaacha kama yalivyo, na kwamba anawatakia heri huko mliko.” Ya pili ilisema: “Mzee anatambua majukumu mengi uliyo nayo, na hangependa kuwa sababu ya usumbufu wa safari.” Ya tatu ilisema: “Afya yake ni ya kuridhisha kulingana na umri.” Kwa ya kwanza ulijibu mstari mmoja, kwamba umesoma na unashukuru. Kwa ya pili ulijibu neno moja, sawa. Kwa ya tatu hukujibu, wala sikulaumu.

Kaka, maneno yale hayakuwa ya Baba. Ni yangu.

Mara ya kwanza Baba aliniita kando ya kitanda, akaniambia nikuandikie kwamba alikosa, na kwamba uje na mke wako. Mara ya pili alisema kama kazi ni nyingi, uje hata kwa siku moja, ulale urudi. Mara ya tatu, na hii ilikuwa baada ya daktari kusema, alitaka uambiwe kwamba anakwenda. Niliyapeleka maneno hayo mezani, nikayaandika kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kunishtaki kwa uongo, na ambayo hakuna mwana angeweza kufunga safari kwa ajili yake. Hiyo ndiyo sanaa niliyojifundisha, nami niliitumia yote.

Kazi yangu ina sheria moja niliyojiwekea mwenyewe tangu mwanzo. Mtu asiyejua herufi habandiki dole gumba lake kwangu kabla sijamsomea kwa sauti kila kilicho kwenye karatasi, neno kwa neno, na akitaka kusahihisha nasahihisha. Sijawahi kuivunja kwa mteja, hata kwa mlevi. Niliivunja kwa baba yangu mara tatu. Niliishika karatasi mbele ya uso wangu, macho yakiwa kwenye mistari, na mdomo wangu ukamrudishia maneno yake aliyoniambia dakika chache kabla. Alisikia alichosema, akaridhika, akanipa kidole. Nilimpangusa wino kwa kitambaa.

Utauliza kwa nini. Katika maombi huwa tunaandika sababu, nami sitaki kujinyima sehemu hiyo, ingawa ni dhaifu. Usiku maji yalipoingia Kulesa mimi ndiye niliyembeba Baba mgongoni hadi kwenye mtumbwi. Tulikuwa watu tisa na mbuzi wawili. Baba alikuwa anatetemeka, nikamkumbatia ili apate joto, naye akaushika mkono wangu akasema, “Asante, Silas.” Sikumsahihisha. Nilijiambia ni baridi, ni uzee, ni hofu. Lakini neno lile lilikaa ndani yangu kama mwiba wa samaki, na kila alipolitaja jina lako kabla ya uji wa asubuhi, uji ambao umepikwa na mke wangu, nilihisi mwiba unasogea. Sikutaka uje upokee katika siku moja kile ambacho mimi sijapewa kwa miaka tisa. Hiyo ndiyo sababu. Nimeisoma mara kadhaa nikitafuta namna ya kuiandika vizuri zaidi, na sikuipata.

Jumatatu iliyopita Mzee Gunga alirudi kama alivyoahidi, na tukamaliza ombi lake la mpunga. Alikuwa amesema kwamba hana kitu tena, maji yamechukua kila kitu, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba muombaji amebaki katika hali ya ufukara usio na kifani kufuatia janga tajwa. Nilimsomea. Alinisimamisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika mazao, yeye alitaka mpunga, kwa sababu mazao yaweza kuwa hata kunde. Nikabadilisha, nikamsomea tena tangu mwanzo, akabandika dole lake, akaenda zake. Mashine ilikuwa inafanya kazi muda huo wote na haikutoa sauti.

Baba aliniita. Aliniuliza kama huwa nafanya hivyo kwa kila mtu, kumsomea na kumwacha asahihishe. Nilijibu kwamba ndiyo, ni sheria. Nikasikia pumzi yake ikipanda na kukwama. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyotoka:

“Maneno ya Gunga yamerudi yamevaa viatu. Ya kila mtu huku yanarudi yamevaa viatu. Yangu yalirudi miguu mitupu, vile vile nilivyoyatoa. Caleb, nisomee tena yale yangu.”

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nakala zimepotea mashine ilipokuwa ikijizima, na angeamini, kwa maana alikuwa ameisikia ikifa. Nilirudi mezani, nikafungua barua ya kwanza, na nikamsomea nilichoandika, kupitia ukuta, kwa sababu sikuweza kumtazama. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, pamoja na lile neno la kuridhisha. Nilipomaliza, saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa ikiongea peke yake.

“Ni mazuri,” alisema. “Si yangu.”

Niliingia nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia tu kwamba nimekosa, na nikalirudia, kama mtoto. Baba hakunigusa na hakunifukuza. Aliomba maji, Teresia akaleta, akanywa kidogo kidogo hadi kikombe kikaisha. Baadaye aliniuliza kama jambo hili nilikufanyia wewe au nilimfanyia yeye. Nilijibu kwamba sijui. Alisema nijue kabla hujafika. Akaagiza nikalete karatasi, akaniambia, “Andika upya. Safari hii usiyavike chochote.”

Haya ndiyo aliyoyasema. Sijaongeza nukta.

“Silas. Mimi baba yako. Nilikosa. Mke wako alikuja kwangu, jua kali, nikamwacha amesimama. Sikumpa maji. Mimi mtu wa mto, sikumpa maji. Nimekaa na hiyo. Mto ulipokuja kuchukua nyumba nikasema, haya, chukua, najua. Njoo na mke wako. Njoo na mtoto. Usilete kitu. Huyo msichana aketi, mimi nimpe maji kwa mkono wangu, mkono bado uko. Ukifika nikiwa nimelala, niamshe. Usingoje niamke. Caleb amekosa, lakini Caleb ndiye alinibeba. Sasa nakumbuka ni yeye. Usimpige. Njoo. Njoo.”

Nilimsomea. Nilikuwa nimeandika njoo mara moja pale mwisho, nikidhani ya pili ilikuwa ni pumzi tu. Alinisahihisha, nikairudisha.

Kaka, sikuombi unisamehe kwa barua, kwa maana najua sasa barua zangu zina thamani gani kwako. Nakuomba ufunge safari. Basi la Mombasa la kwenda Lamu hupita Garsen mchana. Shuka kituoni, uliza nyumba ya Katiba, hata mtoto atakuonyesha. Namba yangu ya simu ni ile ile ya zamani, ukipenda kuitumia. Ukipenda usiitumie, njoo tu. Shemeji Ilham mwambie kwamba kata ya maji niliishika mimi siku ile, na kwamba kungoja amri si udhuru. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu akinipa nafasi.

Wasalimie majirani zenu na wote wanaowatendea mema ugenini. Teresia anatandika chumba. Hope ameambiwa kwamba ana binamu, naye ameuliza jina mara nne leo, nami sina la kumjibu.

Barua hii yote, kuanzia salamu hadi hapa, nimemsomea Baba kwa sauti mchana huu, neno kwa neno kama ilivyo. Amesema sehemu ya feni ni ndefu mno. Nimemwambia wewe ni fundi, utaisoma.

Ni mimi mdogo wako,

Caleb Komora.

Dole gumba la Mzee Komora lipo hapa chini, limewekwa baada ya kusomewa.